Damu ya mzazi ipimwe, tuache kukisia kwa macho

Waliofanya kazi leba wanaijua hii. Mama kajifungua, kondo limetoka, makintoshi (lile shuka la plastiki) imelowa, maji ya uzazi na damu vimechanganyika huko chini, gozi zimejaa kwenye ndoo, halafu kwenye faili kuna sehemu inasubiri ijazwe: damu iliyopotea. Mtu anatupa jicho, anaandika ml 200. Au 250. Fungua rejesta za leba nyingi tu utakuta hizo hizo 200 na 250 zinashuka ukurasa mzima, uzao wa kwanza, uzao wa saba, mapacha, wote wametoka damu sawasawa, kitu ambacho hakiwezekani kabisa.

Sisemi ni uvivu, naomba nieleweke hapo. Macho ya binadamu yanapunja damu, na kadri inavyomwagika nyingi ndivyo yanavyozidi kupunja, awe daktari bingwa awe mwanafunzi wa uuguzi. Na mwili wa mama kijana nao unaficha, presha inaweza kukaa vizuri tu mpaka ashapoteza damu ya kutisha halafu inaanguka ghafla, na hapo ndo mnaanza kukimbizana kutafuta mshipa, kutafuta damu, kumpigia daktari wa zamu. WHO inasema wanawake kama 45,000 wanakufa kila mwaka kwa kutoka damu baada ya kujifungua, na karibu wote ni wa nchi kama zetu. Nusu lita ndo mstari uliokubalika miaka mingi kwamba ukivuka hapo ni hatari. Sasa utajuaje umevuka kama hujapima?

Kinachoniuma ni kwamba hili somo tulikuwa nalo hapa hapa nyumbani zamani sana. Kigoma, miaka ya 80, kulikuwa na daktari anaitwa Godfrey Mbaruku, marehemu sasa, na naona kabisa jina lake lilipaswa kutajwa kwenye kila chuo cha uuguzi nchini. Hospitali ya mkoa, mbali na kila kitu, treni siku mbili tatu kutoka Dar, vifaa vya kuungaunga. Alichoanza nacho ni mafaili. Alikaa na kumbukumbu za wazazi waliofariki kuanzia 1984 akatafuta nani kafa, kwa nini, na nini kilikosekana, halafu kuanzia 1987 wakaanza kurekebisha kimoja kimoja, hatua 22 kwa jumla, na nyingi zilitegemea vitu vilivyokuwepo pale pale: kutumia vizuri kidogo walichonacho, kukubaliana mgonjwa wa aina hii anahudumiwa hivi, kuwaelekeza na kuwatia moyo wafanyakazi, na wafanyakazi wenyewe kukaa mara kwa mara kujitathmini. Kufikia 1991 vifo vya wazazi pale vilikuwa vimeshuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Rudia kusoma hizo namba. Hapakuwa na mashine mpya ya maajabu.

Halafu baadaye yeye na wenzake wakafanya kitu ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Huko huko Kigoma, kwa akina mama wanaojifungulia nyumbani, waliangalia damu inayonywewa na kanga. Kanga zetu saizi zinakaribiana, kwa hiyo zikilowa mbili, ujue damu imefika nusu lita au zaidi. Wakunga wa jadi wakafundishwa hivyo: kanga ya pili ikilowa, usisubiri, mpe misoprosto, dawa ya kukaza kizazi ili damu ikate. Bibi ambaye hajasoma ml ni nini anapima damu vizuri kuliko mtu mwenye diploma anayekisia, maana yeye ana kipimo na huyu hana.

Sasa ruka mpaka 2023. Yakatoka majibu ya utafiti unaoitwa E-MOTIVE, umefanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali ziligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa mfuko wa plastiki unaotandikwa chini ya mama, una mistari ya vipimo, na kwa saa nzima ya kwanza unamwangalia mama kila dakika 15. Damu ikifika 500, au ikifika 300 na kuna dalili mbaya kama mapigo kwenda mbio, mnafanya yote kwa mpigo: kukanda kizazi, oksitosini ya kukaza kizazi, traneksamiki asidi ya kusaidia damu igande, dripu, kukagua kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kimebaki, na kuita msaada kama haikati. Kundi la pili liliendelea kama kawaida, na lenyewe lilipewa mfuko ila hauna mistari.

Yaani damu inaingia kwenye mfuko, wahudumu wanaiona kabisa, lakini hawana namba. Na matokeo? Penye mistari, kati ya wazazi 100 waliotoka damu kupita kiasi waligundulika 93. Pasipo mistari, 51. Karibu nusu walikuwa wanapita mbele ya macho ya watu waliosomea kazi hii! Waliofikia hali mbaya, maana yake kupoteza lita moja au zaidi, au kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufa kwa kutoka damu, walikuwa asilimia 1.6 ya wote waliojifungua penye mistari na 4.3 pasipo mistari. Kusema ukweli wote, vifo vyenyewe vilikuwa vichache pande zote kiasi kwamba ukivichukua peke yake utafiti haukuweza kuthibitisha tofauti, ila mama asiyefikia lita moja sio mama wa kutafutiwa damu usiku, na kwenye hospitali isiyo na damu hiyo ndo tofauti yenyewe. Na dawa zote hizo tulikuwa nazo kabatini tayari.

Najua wapo watakaosema mzoefu anajua, hahitaji mfuko. Nawaheshimu sana wazoefu, wamenifundisha kazi. Lakini uzoefu peke yake umeshatudanganya, tena wote kwa pamoja. Watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko (damu haizunguki vizuri mwilini), mwongozo ulisema wapewe dripu la haraka, na kila mtu aliona ni sawa. Utafiti wa FEAST ukapima, watoto 3,141 Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza, majibu yakatoka 2011: waliopewa dripu la haraka walikufa kama 10 na nusu kwa kila 100 ndani ya saa 48, wasiopewa 7 hivi. (Wa kuharisha hawakuwemo, msije mkawanyima maji.) Kitandani huwezi kuliona hilo, unaona mtoto anachangamka kwanza, akifa unasema alikuja amechelewa.

Tatizo letu lingine namba zetu zinasafiri tu. Tunajaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, mwisho wa mwezi zinajumlishwa, zinapanda juu, na waliozijaza hawazioni tena. Zikirudi zinarudi na mtu anauliza nani alikuwa zamu. Ukishaulizwa hivyo mara mbili, mwezi ujao utaandika 200 na wewe. Mbaruku aliwakalisha walewale wanaozalisha, ndo maana ilifanya kazi. Mimi nataka namba za wodi zibandikwe wodini, wazazi wangapi mwezi huu walipimwa damu, wangapi walivuka nusu lita, dawa ilichukua dakika ngapi kumfikia, na tukae wenyewe, manesi, wakunga na daktari, tuulize kilichokwama ni nini, kwamba funguo za kabati zilikuwa kwa nani, oksitosini ilikaa nje ya friji siku ngapi.

WHO na wenzao wa FIGO (shirikisho la madaktari wa uzazi duniani) na ICM (shirikisho la wakunga duniani) mwaka 2025 wametoa mwongozo mpya, kwamba tusingoje nusu lita, ml 300 na dalili mbaya inatosha kuanza tiba. Mwongozo huo hauna maana kwenye wodi isiyopima. Mifuko ya mistari iagizwe kama glavu zinavyoagizwa. Na wakati tunaisubiri, mzani mdogo tu unatosha kuanza leo: pima pedi na shuka la plastiki vikiwa vikavu uandike uzito, mtoto akishatoka na maji yakishaisha tandika vile vilivyopimwa, vikilowa pima tena, toa uzito wa mwanzo, kila gramu ihesabu ml moja.