Fundi Yuko Ndani

Kuna watu ambao wakisikia mlango unakwaruza sakafu wanamwita seremala. Mimi nikisikia mlango unakwaruza sakafu moyo hunidunda kwa furaha, nikaanza kutafuta randa ilipo. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa. Mimi nasema ni kipaji kilichokosa wateja.

Bafu la nyumbani kwetu, na tunalo hilo moja tu, lina alama za mikono yangu kila kona. Rangi nilipaka mwenyewe, rangi ya mafuta nzito, isiyoogopa maji. Nondo za dirisha nilizifunga mwenyewe baada ya kusikia habari za wezi. Chini ya mlango nilipigilia mpira wa kuzuia maji yasitoke kwenda ukumbini, na kuzunguka fremu nikaweka vibao vyembamba, mwanga wa taa usiwasumbue wanaolala. Fremu yenyewe ilikuwa imeegama kidogo. Nikaishusha timazi, nikaing'oa, nikainyoosha, nikaziba nafasi zote kwa jasi na kuipitishia msasa mpaka ikawa laini. Rafu pia ni yangu. Ukiweka sabuni juu yake husogea taratibu kuelekea kushoto, lakini hakuna anayelazimishwa kuweka sabuni upande wa kulia. Vitu hivi vyote navitaja mapema kwa sababu baadaye vilisimama kutoa ushahidi, tena dhidi yangu.

Siku yenyewe nilikuwa nabadilisha kitasa. Cha zamani kilikuwa kigumu, na mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kututembelea, alilalamika kwa upole wa kimama mkwe, yaani alimwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia mimi. Nikaenda kununua kipya. Kufika nyumbani nikagundua kwamba ulimi wake umeelekea upande usiofaa.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana wengi wanafungua na kufunga milango maisha yao yote bila kujua wanachokifanya. Ulimi wa kitasa, kile kipande kinachochomoza pembeni mwa mlango, umechongwa mshazari upande mmoja. Mshazari huo unatakiwa utazame kule mlango unakofungia. Ukiusukuma mlango, ulimi unagusa fremu, unateleza na kurudi ndani, kisha springi inausukuma uchomoke tena kwenye tundu lake. Ukielekea kinyume, mlango unagonga fremu na kurudi. Kuna vitasa ambavyo ulimi wake unavutwa, unageuzwa na kurudishwa, kazi ya dakika moja. Changu hakikuwa cha aina hiyo. Changu kilitaka kifunguliwe tumbo.

Mtu wa kawaida angekirudisha dukani. Nikatoa skrubu, nikainua kifuniko, na springi ikaruka mpaka chini ya kabati. Watoto waliipata haraka, wamezoea. Nikaugeuza ulimi, nikapanga vitu vyote kama nilivyokumbuka vilivyokuwa, nikafunga kifuniko. Juu ya meza kikabaki kipande kidogo cha chuma kilichopinda.

"Hicho cha nini?" mke wangu akauliza.

"Cha ziada. Viwanda huweka vipande vya ziada."

"Ndani ya kitasa?"

"Hasa ndani ya kitasa."

Nikakitia mfukoni mwa shati, nikakipachika kitasa mlangoni, nikajaribu mlango ukiwa wazi. Niliusukuma ulimi kwa kidole: ukaingia, ukatoka. Nikazungusha mkono wa kitasa: ukashuka, ukapanda. Laini sana. Nilifurahi mno jinsi ulivyokuwa laini.

Nikawaita wote waje waone. Mke, watoto, mama mkwe na kanga yake begani. Nikaingia bafuni, nikawaambia "Sikilizeni sauti ya kitu kipya," nikaufunga mlango. Ulilia kliki moja tamu ambayo mpaka leo nasema hakuna mlango uliowahi kufungwa vizuri kama ule. Kisha nikashika mkono wa kitasa ili nitoke. Ukashuka. Ukapanda. Mlango haukujali. Nikashusha tena, nikapandisha, nikazungusha kwa nguvu, nikazungusha kwa bembelezo. Mkono ulizunguka bila kinyongo chochote, kama usukani wa gari la kuchezea watoto.

"Umeshafungua?" mke wangu akauliza kutoka nje.

"Nakagua."

Akajaribu upande wake. Hali ikawa ile ile. Ndipo mkono wangu ulipojipeleka wenyewe mfukoni mwa shati, na nikapata nafasi nzuri ya kukitazama kile kipande kwa utulivu. Umbo lake lilikuwa linaeleweka kabisa sasa. Mkono wa kitasa ukizunguka, unakisukuma kipande hicho, nacho kinauvuta ulimi. Bila hicho, mkono unazunguka kwa raha zake na ulimi unakaa kwa raha zake, hawajuani. Mlango ulikuwa umekamilika isipokuwa mfupa wa katikati, na mfupa huo nilikuwa nao mimi.

Mtasema: si ungekifungua tena kitasa? Skrubu zinazoshika kitasa ziko ubavuni mwa mlango, na mlango ukifungwa ubavu huo unajificha ndani ya fremu. Ndivyo ilivyokusudiwa, ili mwizi asikifungue. Aliyevumbua hakumfikiria mwenye nyumba aliye ndani pamoja na vipuri.

Nikaagiza bisibisi ipitishwe chini ya mlango. Haikupita, mpira wangu ulikuwa umeziba barabara. Mwanangu mkubwa akazunguka nyuma ya nyumba, akapanda juu ya ndoo, akanipa bisibisi kupitia kwenye nondo. Akabaki ananing'inia pale dirishani akinitazama.

"Baba, umefungwa?"

"Sijafungwa. Niko kazini."

Mlango wetu unafungukia ndani, kwa hiyo bawaba ziko upande wa ndani, na hiyo ilikuwa bahati. Ukichomoa pini za bawaba, mlango hauna cha kushikilia upande ule. Lakini rangi ile ya mafuta niliipaka kwa ukarimu. Bawaba zilikuwa zimemezwa. Vichwa vya pini vilikuwa vichuguu vidogo, vyeupe, vinavyong'aa, bila ufa wa kupachika bisibisi. Nilikwangua, bisibisi ikateleza, ikachora mstari mrefu juu ya rangi yangu. Hilo liliniuma kuliko kufungiwa. Nikaacha.

Jirani akaja kusaidia upande wa dirisha. Alishika nondo kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hazikutikisika hata kidogo. "Hizi nani alifunga?" akauliza akihema. Nikamwambia ni mimi. Alitikisa kichwa kwa heshima, na sisi wawili tukakaa kimya kidogo tukizistahi zile nondo, yeye nje, mimi ndani.

Mama mkwe akabisha mlango polepole. "Mwanangu, huko ndani bado sana?"

"Kidogo tu, mama."

"Haya, baba. Usijali." Halafu nikasikia anamuuliza binti yake ni nani atakayemsindikiza kwa jirani, na kuanzia hapo habari ikawa ya mtaa mzima, maana huwezi kumpeleka mama mzima kuomba choo bila kueleza cha kwenu kimefanya nini.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mfuniko wa choo. Mke wangu alileta kiti, akakaa upande wa pili wa mlango. Kwa muda tulikuwa na mazungumzo marefu kuliko tuliyokuwa nayo kwa majuma mengi, na hiyo ni faida ambayo hakuna anayenipa sifa zake.

"Niambie ukweli, baba watoto," akasema. "Hivi kweli unafurahia mambo haya?"

Nilikuwa na jibu, tena la kisomi. Nikamweleza kwamba mwaka 2012 watafiti watatu, Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely, walichapisha utafiti kuhusu jambo linaloitwa athari ya IKEA, kwa jina la kampuni ile ya Sweden inayouza samani za kujiungia mwenyewe. Waliwapa watu kazi za kuunganisha masanduku, kukunja karatasi ziwe vyura na ndege, kisha wakauliza wangelipa kiasi gani kwa vitu hivyo. Waliokunja wenyewe waliyathamini makunyanzi yao karibu sawa na kazi ya mabingwa, ingawa watu wa pembeni waliona ni karatasi tu zilizokunjamana. "Unaona?" nikamwambia. "Mtu anapenda alichokitengeneza kwa mkono wake. Imethibitishwa."

Akanyamaza kidogo. "Na waliofungiwa chooni nao waliulizwa?"

"Hapana, hilo halikuwemo."

"Na ambao kazi haikukamilika? Walisemaje hao?"

Nikajifanya nakwangua bawaba. Ukweli ni kwamba watafiti wale waliliangalia hilo pia, na wakakuta kwamba kazi ikiharibika au isipomalizika, mapenzi hayo hayaonekani. Lakini mtu hawezi kusoma utafiti mzima kwa sauti kupitia mlango.

"Mimi naita fundi," akasema.

"Usiite fundi!"

Nje nikasikia sauti ya mwanamke mwingine, jirani nadhani, akiuliza kama tumeshatafuta fundi. Mke wangu akamjibu, bila hata kucheka, "Fundi yuko ndani."

Aliitwa hata hivyo. Alikuwa kijana mdogo, na adabu yake ndiyo iliyonimaliza.

"Hodi! Shikamoo mzee."

"Marahaba," nikaitikia kutoka chooni.

"Mzee, ulimi umegoma?"

"Umekosa mvutaji."

"Kipande kiko wapi?"

"Ninacho."

Akanyamaza, na katika kunyamaza kule nilisikia amewahi kukutana na watu kama mimi. Akamwomba mke wangu chupa ya plastiki, akakata kipande chembamba. Njia hiyo naijua: unaingiza plastiki kati ya mlango na fremu, unaibana kwenye ule mshazari wa ulimi, ulimi unateleza kurudi ndani, mlango unafunguka bila ufunguo wala jasho. Kwangu haikuingia. Vile vibao vya kuzuia mwanga vilikuwa vimekaa sawasawa pande zote tatu. Nilimsikia akivipapasa kutoka juu hadi chini, akitafuta ufa.

"Mzee, hivi vibao uliviweka vya nini?"

"Mwanga."

"Sawa, mzee. Basi sogea nyuma kidogo, nasukuma kwa bega. Kidogo tu, niusikilize ulimi."

Alisukuma kidogo kweli, nitamtetea kwa hilo popote. Kukasikika mlio ambao sikuutarajia, si wa chuma, wa kitu kikavu kinachopasuka taratibu kuzunguka mlango mzima. Mstari mwembamba ukachora ukuta, ukapanda, ukavuka juu, ukashuka upande wa pili. Vumbi jeupe likaninyunyizia kichwani. Kisha fremu nzima, pamoja na mlango wake, pamoja na kitasa changu, ikaanza kunijia.

Haikuanguka. Ilitembea. Niliipokea kwa mikono miwili na kifua, nikarudi nyuma mpaka ukutani, kiwiko kikaigusa rafu, rafu ikamaliza safari yake ya kwenda kushoto. Nikabaki nimesimama nimeukumbatia mlango uliofungwa ndani ya fremu yake, kimo kizima, huku mbele yangu kukiwa na tundu kubwa ukutani, na ndani ya tundu hilo fundi, mke wangu, watoto, jirani, na mama mkwe aliyekuwa amerudi wakati mbaya.

Fundi akapita ubavuni, akanisaidia kuusimamisha ukutani. Kisha, na hili nataka lieleweke vizuri, akashika mkono wa kitasa akauvuta. Mlango haukufunguka. Ulikuwa umeng'oka ukutani na bado umefungwa.

"Mzee," akasema, "kitasa umekifunga wewe?"

"Ndiyo."

"Kimekaza."

Wengine wote walikuwa wanatazama ukuta. Mimi nilitazama kitasa.

Baada ya hapo alipitisha kidole pembeni mwa fremu, pale palipokuwa peupe. "Na hii ilikuwa imeshikwa na nini?"

"Jasi."

"Jasi na nini?"

Nikafikiri. "Na rangi."

Hakucheka mbele yangu, alikwenda kuchekea nje. Aliporudi alikuwa na vyuma vya kuingiza ukutani, mchanga na saruji, na mimi nikapewa kazi ya kushika pimamaji, kazi ambayo niliifanya bila dosari. Fremu iliposimama akasema isiguswe, mlango usipachikwe kwanza, tutundike pazia. Mama mkwe akauliza pazia hilo litakaa mpaka lini. Fundi alikuwa anataka kusema siku chache, lakini nilimwahi, kwa sababu jambo la saruji nalijua: saruji haikauki tu, inakomaa, inazidi kuwa ngumu taratibu ikiwa na unyevu, na wahandisi kwa kawaida hupima nguvu yake siku ya 28.

"Siku ishirini na nane," mama mkwe akarudia. Akaenda chumbani, na kidogo baadaye nikasikia zipu ya begi.

Fundi alipomaliza akaomba pa kunawa. Nikamwelekeza jikoni. Maji yalitiririka, kisha nikamsikia ameruka pembeni na kusema "Aa!" Tulipofika alikuwa amelowa miguu, ameinama, amefungua kabati la chini ya sinki, anatazama beseni lililojaa na pale juu yake ambapo bomba lilitakiwa kuwa.

Akamtazama mke wangu. Mke wangu akanitazama mimi.

"Hapo," nikasema, "bado sijamaliza."