Macho angani, macho kwenye skrini: kipi kiongoze droni juu ya Dar?

Droni ndogo ya gramu 249 ikikunjuliwa ina upana wa takriban sentimita 25. Ikiwa mita 100 kutoka ulipo, jicho linaiona kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Ikifika mita 400 inabaki sehemu moja ya kumi na nne ya mwezi huo. Bado unaiona, lakini huwezi kusema pua yake imeelekea Kigamboni au Masaki. Ubishi wa marubani unaanzia hapo: wengine wanashikilia kwamba macho yasitoke kwenye droni, wengine kwamba baada ya mita mia mbili hivi macho hayana kazi tena, skrini ndiyo inayorusha.

Upande wa kwanza una kanuni nyuma yake. Sheria ya Marekani kwa droni za kazi, kifungu cha 107.31, inataka rubani aweze kuiona droni yake bila darubini (miwani ya macho inaruhusiwa), kiasi cha kujua iko wapi, kimo gani, inaelekea wapi, na kuna nini kingine angani. Lakini neno lake ni "aweze kuona". Hakuna kinachokataza kutupa jicho kwenye skrini. Na nukta ya mita 400 isiyoonyesha uelekeo haitimizi masharti, hata kama hujaipoteza.

Watetezi wa skrini nao wana hoja nzito, hasa kuhusu kina. Kwa umbali wa mita mia na zaidi, macho mawili hayawezi kupima kama droni iko mbele ya mnara wa simu au nyuma yake. Unaiona imepita pembeni salama, kisha unaivuta kurudi na inagonga. Skrini inakupa umbali, kimo, chaji, na mshale wa uelekeo kwenye ramani. Kumbuka tu kwamba kimo hicho huhesabiwa kutoka ulikorushia: ukirushia juu ya ghorofa pale Posta, sifuri yako ni paa, si barabara.

Hata hivyo, skrini inaficha mengi kuliko inavyoonyesha. Kamera inatazama mbele tu, kwa pembe ya nyuzi 80 hivi, huku picha inayopendwa na kila bwana harusi wa Mbezi Beach ni ya droni kurudi nyuma hadi bahari yote ionekane. Wakati huo droni inaenda isikotazama, kuelekea minazi na nyaya za umeme. Vihisi vya kuepusha kugonga havina msaada mkubwa hapo: droni nyingi za bei nafuu zina vinavyotazama chini tu, na waya mwembamba huvipita hata vile bora. Picha nayo huchelewa. Kwa sekunde 0.2 na mwendo wa mita 10 kwa sekunde, unachokiona kiko mita mbili nyuma ya ukweli.

Jambo ambalo halitajwi vya kutosha ni upepo. Mkono mdogo wa droni unaoshikilia kamera huituliza hadi picha inaonekana shwari kabisa, wakati droni yenyewe imelala upande ikipambana na kusi. Anayeinua macho anauona ule mlalo mara moja. Aliyeinamia skrini anakuja kushtushwa na chaji inayoshuka haraka. Vivyo hivyo kunguru, ambao Dar hawana uhaba: hushambulia kutoka juu na ubavuni, na mara nyingi kamera haiwaoni.

Kwa jiji hili tunaegemea macho, kwa mgawanyo huu. Droni ikisogea, macho juu. Ukitaka kupanga picha au kusoma chaji, isimamishe kwanza, kisha angalia skrini kwa sekunde moja au mbili. Ukitazama sekunde mbili huku inaenda mita 10 kwa sekunde, umeirusha mita 20 bila kuiona. Isipokuwa njia umeshaikagua kwa macho na inaenda mbele, kule kamera inakotazama.

Ukiinua macho na kuikosa, usihangaishe vijiti vya rimoti. Iache isimame, geuza mwili wako ufuate mshale wa ramani, sikiliza, kisha sukuma kijiti kidogo pembeni uone nukta ipi imesogea. Taa ndogo ya kuwaka na kuzima iliyofungwa juu ya droni inasaidia sana, ingawa gramu zake kumi na kitu zitakuvusha 250, na baadhi ya nchi huanza masharti makali hapo.

Jua nalo lina masharti yake. Coco Beach alasiri jua liko mgongoni ukitazama bahari, droni inang'aa vizuri, lakini mwanga huohuo unapiga skrini, na simu ikipata joto inajipunguzia mwanga yenyewe. Weka kivuli cha skrini, na vaa miwani ya jua isiyo ya polaraidi, kwa sababu ile ya polaraidi hugeuza baadhi ya skrini kuwa nyeusi kwa pembe fulani.

Kwa anayerusha kwa miwani ya video iliyofunika macho, hakuna cha kupima: msaidizi ni lazima. Asimame pale sauti inapofika bila simu, asitazame picha kabisa, na mkubaliane maneno mafupi kabla ya kurusha: "simama", "panda", "shuka". Asiseme "kushoto", maana kushoto kwake si kushoto kwa droni.