Kitabu kisichoazimika

Shemeji aliniletea kifaa cha kusomea vitabu mwaka juzi, na tangu hapo safari ya basi ya Moshi hadi Arusha imekuwa fupi. Jua la Boma Ng'ombe likipiga dirishani, simu inageuka kioo cha kujitazama, lakini hiki kinasomeka kama karatasi. Ndani ya kioo mna vipunje vyeusi na vyeupe vinavyosogezwa na umeme. Vikishakaa mahali pake, havili chaji mpaka ufungue ukurasa mwingine. Umeme ukikatika siku mbili, mimi nasoma tu, mradi kuna mwanga.

Kinachonikera ni waifai yake.

Amazon, kampuni ya Marekani inayouza vitabu mtandaoni, walipotoa Kindle ya kwanza, kifaa chao cha kusomea, Novemba 2007, kwa dola 399, walijivunia kwamba Mmarekani ananunua kitabu kupitia mtandao wa simu, kinashuka chini ya dakika moja, wala halipii bando. Raha kweli. Ila njia inayoleta kitabu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukirudisha. Julai 2009 Amazon walifuta nakala za Animal Farm na 1984 za George Orwell ndani ya vifaa vya wateja waliokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki. Pesa zilirudishwa na bosi wao wa wakati huo, Jeff Bezos, akaomba radhi, lakini watu walikuwa wameshaona mkono wa muuzaji ukiingia chumbani mwao. (Na katika vitabu vyote, hivyo viwili, vinavyosimulia watawala wanaofuta na kubadili maandishi!)

Mimi ninayo Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Animal Farm aliyoifanya Fortunatus Kawegere. Niliipata kwenye rundo la vitabu chakavu, jina la mwenyewe wa kwanza limeandikwa kwa kalamu ya wino, jalada limeshonwa kwa uzi.

Mama mdogo alipokuja kututembelea, akaona nacheka peke yangu, kifaa mkononi. "Mwanangu, ukimaliza hicho niazime." Nikabaki nimekodoa. Ningempa nini? Kumpa kitabu ni kumpa kifaa kizima, na akaunti, na kadi ya benki iliyomo. Aliniona mchoyo, na sikuwa na jibu la maana.

Siku hizi waifai nawasha mara moja kwa mwezi, nashusha ninachotaka, nazima. Mama mdogo nilimpa Shamba la Wanyama aondoke nayo Marangu. Mwezi wa nne huu hajairudisha, lakini nyumba naijua.