Januari ya Kawaida, Eti

Jamani, taarifa ya hali ya hewa ya huku ninakoishi ya Januari 2025 imetoka, na imeandikwa hivi: wastani wa joto wa mwezi ulikuwa wa kawaida. Kawaida! Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma upya. Kawaida ileile.

Mimi nina kipimajoto nje ya dirisha na kila siku naandika kwenye kalenda. Tarehe 11 alfajiri, nyuzi 14 chini ya sifuri. Tarehe 17 mchana, nyuzi 13 juu ya sifuri. Nyuzi 27 ndani ya siku sita! Koti langu lilichanganyikiwa kabla yangu. Nikilivaa, jasho. Nikiliacha, narudi meno yanagongana. Mwisho nikawa nalibeba begani kama mgonjwa anayepelekwa kutibiwa.

Nikauliza huo wastani unapikwaje. Kumbe wanachukua joto la juu la siku na la chini, wanajumlisha, wanagawa kwa mbili. Siku zote 31 zinachanganywa, kisha zinalinganishwa na miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020. Basi siku ya kuganda na siku ya jasho zikafutana kimyakimya. Kwa hesabu hiyo, ukipigwa kofi shavu la kushoto ukabusiwa la kulia, kwa wastani hujaguswa.

Na tarehe 19 je? Mvua. Si theluji, mvua, na chini kumeganda! Wenyewe wanasema huko juu palikuwa na tabaka la hewa ya joto, theluji ikayeyuka humo, halafu karibu na ardhi ikakuta baridi kali. Tone linafika likiwa bado maji, likigusa kitu tu linakuwa barafu. Ngazi zikang'aa kama kioo. Nami nikatoka na mfuko wa taka, najiamini. Hatua ya kwanza nikapiga, ya pili nikapiga, ya tatu ikanipiga mimi. Mfuko ukafika kwenye pipa kabla yangu. Mimi nikafuata kwa makalio. Jirani alikuwa dirishani, akanipungia mkono, nami nikampungia, maana ungefanyaje?

Angalau sikuwa peke yangu. Tarehe 21 mwezi huohuo theluji iliangukia New Orleans, kusini kabisa mwa Marekani, karibu sentimeta 20, na Florida nayo ikapata yake. Watu wa huko hata koleo la theluji hawana! Halafu wapimaji wa Ulaya wakaja na yao: ukiichukua dunia nzima, hiyo ndiyo Januari yenye joto kuliko zote zilizowahi kupimwa, nyuzi 1.75 juu ya ile ya zama za kabla ya viwanda. Na La Niña ilikuwepo, ile hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki kupoa, ambayo kazi yake ni kuipoza dunia! Sasa kama mpoza-joto mwenyewe yuko kazini na rekodi inavunjika, mimi nimlalamikie nani?

Tarehe 30 jua likawaka vizuri, nikasema moyoni, baridi imekwisha. Nikalifua koti, nikalianika nje. Asubuhi ya tarehe 31 nimelikuta limeganda gumu, mikono imenyooka pembeni, kama mtu anayesimamisha gari. Nikalibeba ndani hivyohivyo, nikaliegemeza mlangoni. Jirani alikuwa dirishani.