Ofa ya kazi ikija, uombe nyongeza au usaini?

Ukipata ofa ya kazi hapa Arusha, ushauri wa nyumbani huwa mmoja: saini haraka, wasije wakampa mwingine. Si ushauri wa kipuuzi. Kampuni ndogo ya utalii inayoajiri Machi inajua masika ya Aprili na Mei yanakuja, na magari yatalala hadi sizoni ianze Juni. Ukiwabana wakati huo, hawana cha kukuongezea. Kwenye mashirika ya miradi, fungu la mshahara mara nyingi limeshapitishwa na mfadhili kabla tangazo halijatoka. Serikalini ndiyo kabisa, ngazi zimepangwa na hakuna cha kuvutana.

Wanaopinga wanasema anayenyamaza anaumia miaka, kwa kuwa nyongeza za baadaye huhesabiwa kwa asilimia ya pale ulipoanzia. Mimi niko upande huu, ila wengi wetu hatupigi hesabu hadi mwisho.

Mchukue mhasibu wa hoteli aliyepewa ofa ya 900,000 kwa mwezi, naye ana deni la Bodi ya Mikopo aliyosomea chuo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10, yaani 90,000. Kodi, inayotozwa baada ya kutoa hiyo ya NSSF, ni 80,500. Bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 135,000. Mkononi zinabaki 594,500. Sasa avutane nao hadi wampe milioni moja: makato nayo yanapanda, na mkononi anapata 647,000. Laki nzima aliyoitolea jasho imemletea 52,500.

Hapo wengine husema basi achana na mshahara, omba usafiri. Kwa anayekaa Ngaramtoni na kazi iko Usa River, hoja hiyo ina uzito: ni kuvuka mji mzima kila siku, na gari la wafanyakazi linaweza kumwokolea nauli isiyopungua nyongeza ile.

Lakini zile 47,500 za laki hiyo zilizoishia kwenye makato hazikupotea zote. 15,000 zimepunguza deni lake mwenyewe, 10,000 zimeingia NSSF kwa jina lake, na mwajiri anayechangia asilimia 10 naye ameongeza 10,000 juu. Iliyokwenda moja kwa moja ni kodi, 22,500. Gari la wafanyakazi, bosi akibadilisha ratiba, linaondoka na faida yake yote. Mshahara wa msingi hauguswi kirahisi hivyo.

Mwajiri naye asionekane mchoyo tu. Akimpa mgeni milioni moja wakati mhasibu wa miaka mitano anapokea laki nane, siri hiyo haimalizi mwezi (pale kantini hakuna siri ya mshahara). Kwa hiyo anayeomba aje na sababu inayomtofautisha: cheti cha CPA (cha mhasibu aliyesajiliwa), au uzoefu wa kufunga hesabu bila kusimamiwa. Kodi ya nyumba ya Njiro si sababu. Kila mtu anadaiwa hiyo.

Wakikataa, omba mkataba utaje tarehe ya kupitia mshahara baada ya muda wa majaribio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, malipo yakiwemo, na wakati mzuri wa kuingiza mstari huo ni kabla hujasaini. Ukiambiwa tu "tutakuangalia sizoni ikichanganya," hesabu kwamba mshahara wako ni ule ule wa kwenye barua, kisha amua kama unakutosha.