Kukosa taa si kukosa haki

Habari inasema mwendesha baiskeli aliyegongwa usiku ameambiwa hana fidia kwa sababu hakuwa na taa, na wengi hapa mnashangilia. Taratibu jamani. Kosa analo, ila mahakama hugawa uzembe. Kama dereva naye alikimbiza gari au alikuwa amelewa, fidia ya majeruhi hupunguzwa kwa sehemu ya kosa lake, haifutwi yote.

Shemeji yangu aligongwa na lori pale Chimala, mkoani Mbeya, akitoka shamba la mpunga, giza totoro, baiskeli haina taa wala kiakisi. Mtu wa bima akamjibu, "Umejitakia." Bahati nzuri PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ilichukuliwa siku ileile, na kijana mmoja wa bodaboda alipiga picha namba ya lori na stika ya bima. Tulizungushwa miezi minane. Wakalipa pungufu, lakini wakalipa. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa magari barabarani, kwa Sheria ya Bima ya Magari ya Tanzania, Sura ya 169, sasa ni ya nani kama si ya sisi tunaogongwa?

Halafu zile dinamo za kuwashia taa kwenye baiskeli za wazee wetu zimepotelea wapi?