Mboga Iliyobeba Chakula Tumboni

Shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Newala, aliitazama sahani ya pilipili hoho za kujazwa na kuokwa niliyomwekea mezani saa mbili usiku, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ni mboga au ni chakula?"

Swali hilo halikuwa la utani. Kwetu sisi watu wa Mtwara, chakula ni ugali wa muhogo au wali, na mboga ni kinachousindikiza, kiwe kisamvu, samaki au dagaa. Hoho iliyojazwa inauvuruga mpaka huo, kwa kuwa mboga imegeuka chombo na wali umekaa ndani yake kwa kipimo kidogo. Kwa maoni yangu, uvurugaji huo ndio unaoifanya ifae usiku wa siku ya kazi, pale mtu anaporudi nyumbani amechoka na bado saa mbili au tatu tu alale. Kikombe kimoja na nusu cha wali, ambacho mwenye njaa angekimaliza peke yake, kilijaza hoho sita na kutulisha watu watatu.

Waturuki huviita vyakula vya namna hii dolma, neno lenye asili ya kitenzi cha kujaa, na Wagiriki nao hujaza nyanya na hoho mchele wenye viungo kisha wakazioka. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mapishi yanayotuagiza tuweke nyama ya kusaga na kuifunika kwa jibini, kana kwamba bila vitu hivyo mboga haijazwi. Jibini ni ghali, na mlo ulioitwa mwepesi unageuka mzito kuliko ugali tulioukimbia. Sisi tuna korosho. Kila Oktoba msimu unapofunguliwa, mazungumzo yote ni ya mnada na bei ya kilo, na jikoni kwetu korosho hubaki kitafunwa cha mgeni. Mimi hununua vipande vilivyovunjika, ambavyo ni nafuu kuliko korosho nzima, nikavikaanga bila mafuta hadi vipate rangi, nikavitwanga kidogo tu ili meno yakutane navyo. Nachanganya na wali, kitunguu na nyanya zilizokaangwa pamoja, kitunguu saumu, bizari, na dagaa wakavu waliotolewa vichwa na kuoshwa kwa maji ya moto. Tui la nazi ni vijiko viwili au vitatu vya kulainisha, si zaidi. Pweza angenoga, lakini anahitaji kuchemshwa muda mrefu, kwa hiyo namwachia Jumapili.

Wali wenyewe uwe umeiva, kwa sababu mchele mbichi utadai maji na muda ambao hoho haina. Wa mchana unafaa, mradi uwe ulipozwa mapema na kuwekwa kwenye friji. Katika joto letu, wali ulioshinda mezani tangu saa saba unaweza kumwumiza mtu tumbo hata ukipashwa moto vizuri. Nyanya zikitumika badala ya hoho, zikombwe, zinyunyiziwe chumvi na kufudikizwa kwa robo saa, la sivyo zitaogelea katika maji yake. Bilinganya nalo hulikata katikati na kulioka tupu kwanza hadi lilainike, ndipo nilijaze.

Wengi huniambia hawana oveni. Mwenye nayo aiweke kwenye nyuzi 180 na asubiri dakika kama 35, lakini asiye nayo asahau kisingizio hicho, kwa sababu bibi zetu walioka mikate kwa kupalia: sufuria nzito juu ya moto mdogo, mfuniko wa bati, na makaa mengi juu ya mfuniko. Hoho hupangwa zikiwa zimesimama na kubanana, maji kidogo sana yakiwa chini, na zinakuwa tayari ngozi inapojikunja na wali wa juu unapopata ukoko. (Gesi asilia ya Mnazi Bay, kwetu Mtwara, imekuwa ikienda Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2015, na mimi bado napepea mkaa, lakini hilo ni la siku nyingine.) Kwa kweli naupenda ukoko wa makaa kuliko wa oveni, maana moto wa juu unakausha bila kuilegeza hoho yote.

Shangazi alikula mbili, akasifia korosho na kulaumu dagaa kuwa wachache. Kisha akauliza kama kuna kiporo cha ugali. Kilikuwepo, nikampashia.